Tupeane uzoefu: kusomea sheria kwa mtandao ukiwa Mtwara au Lindi

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini
Ndugu zangu, niko mwaka wa tatu wa shahada ya sheria kwa njia ya mtandao, na ningependa tuelezane ni wapi masomo haya yanatupokea na wapi yanatuacha mlangoni. Langu ni la Mei 2024: kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga, na kabla hatujatulia, tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, nazo zikaharibika. Vipindi vya mubashara vya sheria ya ushahidi vilikuwa na mahudhurio, nikahesabiwa mtoro. Mhadhiri alinielewa, lakini mfumo haukuwa na mahali pa kuandika kwamba ameelewa.

Mchangiaji, Newala
Kaka, mimi nina uoni hafifu, hivyo husoma kwa programu inayotamka maandishi. Hukumu za TanzLII, maktaba ya mtandaoni ya sheria na hukumu za Tanzania, zilizochapwa kwa kompyuta programu huzisoma vizuri; zile za zamani, zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwake ni karatasi tupu. Muhula uliopita hukumu sita tulizopangiwa zilikuwa za namna hiyo, ikabidi mdogo wangu, fundi pikipiki, anisomee usiku, na jinsi alivyoitamka *res judicata*, Kilatini cha shauri lililokwisha kuamuliwa, sitaisahau. Chuo kilidai cheti cha daktari, nikakipeleka, nikajibiwa mtihani ukiwa umekwisha. Chuo hicho hicho ndicho kilichonifundisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Mchangiaji, Tandahimba
Kwetu kazi za kupimwa hukutana na msimu wa korosho. Mhadhiri mmoja alirekodi sauti pekee, bila picha, akaituma kwa WhatsApp, nami nikasikiliza sheria ya mikataba yote nikiokota korosho, kwa bando dogo kabisa.

Mchangiaji, Nachingwea
Naongeza lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, ilhali sisi tunafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Mwanzisha mada
Dada wa Newala, naomba orodha ya hukumu hizo sita. Mbili nitazichapa upya mwisho wa wiki hii. Nani anachukua nne zilizobaki?