Tupeane uzoefu: uliyewahi kupiga picha bundi au ndege wa nyumbani msimu wa mvua, ingia hapa

Fundi_wa_Siling: Wakuu, radi ya jana usiku imenikumbusha kitu. Mwaka juzi, mvua za Aprili zikianza, nikaanza kusikia "shhhhh" jikoni kwangu hapa South B, Nairobi. Nikasema hii ni gesi. Nikafunga mtungi. Shhhhh. Nikautoa nje kwa balkoni. Shhhhh. Nikampigia kijana wa gesi saa nne usiku, akaja na povu la sabuni kwa kikombe, akapaka kila mahali, hakuna kitu. Akanyamaza, akaangalia juu, akaniambia: "Boss, gesi yako iko kwa siling."

Tukasukuma kile kipande ambacho fundi wa maji aliwacha bila kupigilia. Watoto wa bundi watano! Wale wa sura nyeupe kama moyo. Wamepangana kama ngazi, mkubwa ashaanza kuota manyoya, mdogo bado nyama tupu na macho mawili. Nilikuja kujua mama huanza kulalia yai la kwanza bila kungoja mengine, ndiyo maana wanapishana siku mbili tatu. Kijana wa gesi hakudai hata nauli, alishuka ngazi mbili mbili.

Nimewapiga picha mpaka wakaruka, kama miezi miwili. Picha mia sita na kitu. Nzuri ni nne. Nani mwingine?

Njiwa_wa_Embakasi: Hapo kwa "gesi yako iko kwa siling" nimemwaga chai.

Shosho_Ngara: Nyinyi watoto wa siku hizi mnacheka bundi. Sisi akilia juu ya mabati tulikuwa tunamtupia kijinga cha moto na kulala hatulali.

Fundi_wa_Siling: Shosho, yule hata halii, anapiga mayowe kama mtu amekanyagwa kidole. Lakini panya kwa ploti waliisha. Alikuwa anatapika vitonge vyeusi kama dole gumba. Nikapasua kimoja na kijiti cha meno nikapata mafuvu matatu ya panya. Matatu, kitonge kimoja.

Paa_la_Kasarani: Mimi bundi sijui, mimi ni wa mawingu. Siri ya masika ni moja: mvua ikinyesha usiku kucha, amka saa kumi na moja na nusu, panda juu kwa kamba za nguo. Vumbi lote limeoshwa. Angalia kaskazini utaona Mlima Kenya wote, meno ya Batian, kilele chake, yamesimama kama umechora na penseli. Ukichelewa mpaka saa moja na nusu, wingu limeshakula. Picha yangu hiyo hapo, mlima umegeuka waridi.

Mjuaji_254: Kutoka Kasarani? Hiyo umeunganisha kwa kompyuta kaka.

Paa_la_Kasarani: Ndiyo hayo hayo mlisema 2020 wakati wa korona, picha ya mlima nyuma ya majumba ya mji ikasambaa, mkaapa ni feki. Mlima una mita 5,199, uko kilomita mia na arobaini hivi. Utajificha wapi? Shida yako unaamka saa tatu.

Mjuaji_254: Sijakataa mlima upo. Nimekataa rangi. Waridi gani hiyo.

Kumbikumbi_Karen: Wacheni mlima. Mvua ya kwanza ikikatika, taa ya geti inajaa kumbikumbi, na bundi wale wadogo wa msituni wenye macho meusi wanakuja kuwadaka mmoja mmoja. Weka kiti, zima taa ya ndani, ngoja. Sijawahi kununua lenzi ndefu.

Lenzi_Ukungu: Kaka una kwako na una geti. Sisi wa ghorofa ya tano tuna kongoti, wale korongo wakubwa, wa mzunguko wa Nyayo, na alichoniangushia juu ya kamera sitakiandika hapa.

Hama_Zimmerman: Sikutaka kuandika lakini mmenichokoza.

Nilikuwa nakaa ploti ya ghorofa tatu Zimmerman. Juu, nyuma ya tangi la maji, bundi wale wakubwa wenye pembe za manyoya walizaa watoto wawili. Nilikuwa napanda kila jioni. Ukikaribia, mtoto anatanua mabawa anakuwa kama sinia, halafu anagonganisha mdomo, ka, ka, ka. Nikapata picha safi sana, mama na wanawe, wingu jeusi nyuma. Ujinga wangu nikaitia kwa kundi la WhatsApp la ploti. Nilitaka sifa.

Siku ya tatu, mzee wa chumba namba tisa akafariki. Alikuwa mgonjwa tangu Krismasi, kila mtu anajua. Lakini saa tano usiku nikasikia viatu kwa ngazi, nikafungua, watu kama kumi na tano, mmoja ana kibuyu cha mafuta ya taa. "Wewe ndiye unawafuga." Simu yangu ikanyang'anywa, wanaonyeshana picha yangu kama ushahidi.

Wakapanda. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya mawe. Soja, mlinzi wa ploti, akawasimamia kwa ngazi ya chuma, akawaambia, "Mkiwaua, panya wa stoo mtalala nao nyinyi." Wengine wakacheka, wakarudi. Watatu hawakurudi. Mtoto mmoja walimpata. Mwingine nilimkuta asubuhi amejibana chini ya bomba, ameloa, amekonda kama soksi, lakini jicho la njano linaniangalia. Mama alikuwa kwa antena ya jirani, hajaondoka. Nikampa mtoto nafasi, nikashuka. Mwisho wa mwezi nikahama.

Picha ninayo bado. Siifuti, na siifungui.

Njiwa_wa_Embakasi: Pole sana ndugu yangu.

Mjuaji_254: Pole, lakini kosa ni lako. Nani anatangaza kiota kwa kundi la ploti?

Shosho_Ngara: Wewe Mjuaji huna adabu. Mtu amefiwa.

Mjuaji_254: Amefiwa na nani, bundi?

Shosho_Ngara: Na huyo huyo bundi.

Pesa_Mbili: Samahani, mayai yalibaki? Nasikia kuna wanunuzi wa mamilioni.

Kumbikumbi_Karen: Huyo mnunuzi hakuna aliyewahi kumwona. Ukikamatwa na yai la bundi, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 itakuonyesha mamilioni yanavyolipwa, si yanavyopokewa.

Lenzi_Ukungu: Turudi kwa kamera. Mvua hizi zimeniotesha ukungu ndani ya lenzi. Mchele unasaidia?

Paa_la_Kasarani: Mchele unasaidia.

Fundi_wa_Siling: Usithubutu, ule unga wa mchele utaingia kwa pete ya kufokasi. Weka kwa kopo na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye viatu vipya. Na wasiozoea: usipige bundi flashi usoni usiku. Funga tochi na karatasi nyekundu ya peremende.

Mjuaji_254: Flashi haina shida, mimi napiga.

Hama_Zimmerman: Na vaa kofia ngumu. Mama yule alishanipitia utosini mara mbili kabla ya hayo yote.

Binti_Umoja: Jamani, nimesoma uzi wote, sasa nasikia shhhhh jikoni kwangu. Ni bundi au ni gesi?

Fundi_wa_Siling: Gesi inanuka dada. Bundi pia wananuka, lakini mkojo. Fungua dirisha kwanza ndio unuse.