Mjadala: Je, Abraha na Moges walikosea kumrushia Graziani mabomu?

Mzee wa Kumbukumbu: Wakuu, leo Waethiopia wanaadhimisha Yekatit 12, yaani 19 Februari 1937. Waitalia walikuwa wameikalia Addis Ababa tangu Mei 1936. Siku hiyo Graziani, gavana mkuu wao, aliwaita maskini ikulu awagawie sadaka kwa furaha ya mfalme wa Italia kupata mjukuu. Vijana wawili wa Eritrea, Abraha Deboch na Moges Asgedom, wakamrushia mabomu ya mkono. Graziani alijeruhiwa tu. Mashati meusi, yaani wanamgambo wa kifashisti wa Italia, wakaachiwa mji siku tatu, wakachoma nyumba watu wakiwa ndani. Serikali ya Ethiopia inataja 30,000 waliouawa, wanahistoria wengine wanataja wachache zaidi. Nauliza: ukijua jirani yako ndiye atakayelipa, una haki ya kurusha bomu?

Bint Tanga: Hawakuwa na haki hiyo. Yule maskini aliyefuata sadaka hakuulizwa na mtu. Mei ya mwaka huo huo wa 1937 wakauawa watawa wa monasteri ya Debre Libanos, mamia kwa mamia, kwa madai kwamba iliwaficha warusha mabomu. Na Graziani? Alitibiwa akapona. Mimi nawaheshimu wale wazalendo wa ndani ya mji, akina mama waliopitisha risasi na dawa kwenye mizigo yao wakiwapelekea wapiganaji wa porini, hawakumchokoza simba mtoto akiwa mgongoni. Tena tuseme ukweli, Addis ilikombolewa na babu zetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki.

Selam wa Eastleigh: Dada, mengine nayapita, hilo la mwisho limenichoma. Kwa hiyo miaka mitano sisi Waethiopia tulikuwa tumekaa tunawasubiri nyinyi? Kiongozi wa wapiganaji wetu, Abebe Aregai, hakusalimu amri huko Shewa, jimbo la Addis, tangu mwanzo hadi mwisho. Katika jimbo la Gojjam, Waitalia walijifungia ngomeni, hawatoki bila msafara mkubwa. Hao KAR walikuta adui ambaye tayari hana usingizi.

Mjukuu wa Askari: Selam, taratibu. Babu yangu alikuwemo. Walitoka Kenya, wakaichukua Kismayu, wakaichukua Mogadishu, 6 Aprili 1941 wakaingia Addis. Mfalme wenu Haile Selassie aliingia 5 Mei, mwezi mzima baadaye, ndiyo tarehe mnayoisherehekea. Vijana wa Tanganyika, Nyasaland na Uganda waliendelea kufa huko hadi Gondar ilipoanguka Novemba. Nani anawataja?

Selam wa Eastleigh: Kaka yangu, 5 Mei ni siku ile ile Waitalia walipoingia mjini mwaka 1936. Mfalme aliichagua makusudi. Usiifanye dharau kwa babu yako, Mungu amrehemu.

Kijana wa Ilemela: Mnagombania ukombozi, na wale Waafrika waliovaa sare ya Mwitalia je? Jeshi lililoivamia Ethiopia lilijaa askari wa Eritrea na Somalia. Kumbe hata ndani kulikuwa na vibaraka, mkubwa wa Gojjam, Ras Hailu, akiwa mmojawapo.

Selam wa Eastleigh: Tunawaita banda, na hadi leo ni tusi zito kwetu. Lakini uliza vita ilipoisha nani alipewa vyeo. Wengi wao walisamehewa wakarudi maofisini. Belay Zeleke aliyepigana Gojjam miaka yote ile alinyongwa mwaka 1945 na serikali ya mfalme yule yule. Hilo linaniuma kuliko Graziani.

Kijana wa Ilemela: Alinyongwa kwa uasi, si kwa uzalendo wake.

Selam wa Eastleigh: Uasi! Mtu ambaye mfalme alipokuwa Uingereza, yeye alikuwa msituni!

Mwalimu Mstaafu, Songea: Wanangu, swali limepotea. Bint Tanga, unazungumza kana kwamba damu ilianza na bomu. Askofu Petros wa kanisa la Ethiopia alipigwa risasi na Waitalia hadharani Addis Julai 1936. Watoto wa Ras Kassa, mkubwa mwingine wa Ethiopia, waliuawa Desemba, baada ya kusalimu amri. Yote hayo kabla ya bomu lolote. Halafu mtazameni Simeon Adefres. Huyu alikuwa na teksi, basi. Aliwatorosha vijana wale kwa gari lake, akakamatwa, akafia kwenye mateso. Mtu wa teksi ana mji mzima wa kupeleka abiria, na alijua akionekana na abiria wale ni kifo. Mnataka kumwambia naye alikosea? Kwetu hapa Songea Wajerumani waliwanyonga wazee wetu Februari 1906, kisha wakaleta njaa. Sijamsikia Mngoni akisema kosa ni la walionyongwa.

Bint Tanga: Shikamoo Mwalimu. Sijasema kosa ni la waliouawa, usiniwekee maneno mdomoni. Mimi ni mama. Nimesema aliyerusha alikimbia, na wasiorusha ndio walioungua.

Mjukuu wa Askari: Hawakukimbia wakapona. Wote wawili waliuawa wakijaribu kufika Sudan.

Bint Tanga: Na mwenye nyumba iliyochomwa alijaribu kufika wapi?

Mzee wa Kumbukumbu: Mwalimu kaleta hoja ya Petros na watoto wa Ras Kassa, na hakuna aliyeijibu. Naomba tuanzie hapo.

Kijana wa Ilemela: Mzee, kabla ya hapo, hiyo 30,000 imetoka wapi? Addis ya wakati ule ilikuwa na watu wangapi?

Selam wa Eastleigh: Sasa mnatuhesabia maiti? Graziani hakushtakiwa hata siku moja kwa aliyoyafanya Ethiopia. Mwaka 2012 mji wa Affile, huko Italia, ukamjengea mnara kwa fedha za umma. Waulize kwanza waliomjengea, ndipo uje kuniuliza mimi hesabu.

Mjukuu wa Askari: Selam, kwenye hilo tuko pamoja. La KAR bado hujanijibu.