Graz: tiketi ya mwaka na anwani ya pili

Shikamooni wakubwa. Nimehamia Graz, hapa Austria, wiki tatu zilizopita kutoka Linz, na juzi nilikwenda ofisi moja kuomba tiketi ya mwaka ya Zoni 101, yaani eneo la usafiri la mji wa Graz, kwa bei nafuu ya wakazi. Mama wa dirishani aliweka ncha ya kalamu kwenye Meldezettel yangu (hati ya kuandikisha makazi), penye neno Nebenwohnsitz, yaani makazi ya pili, akanirudishia karatasi bila maelezo. Je, nikihamishia Hauptwohnsitz (makazi makuu) hapa sasa, nitarudishiwa fedha za tiketi ya mwezi niliyokwisha kuinunua?
— Mgeni wa Lend

Marahaba, mwanangu. Bei hiyo ni ya wenye Hauptwohnsitz Graz tu. Mimi nilipofika nilipanga mtaa wa Puntigam, na kila asubuhi nilishuka Jakominiplatz, zinakokutana tramu nyingi, nikapanda isiyo yangu. Kilichonisaidia ni kuushika mto Mur, unaotiririka kutoka kaskazini kwenda kusini: mtaa wa Andritz uko unakotokea, Puntigam iko unakoelekea, na Hauptbahnhof, stesheni kuu ya treni, iko upande mmoja na mji mkongwe.
— Mzee wa Puntigam

Mzee wetu, kwa heshima zote, hapo unampoteza mtoto. Hauptbahnhof iko magharibi mwa Mur na mji mkongwe uko mashariki, kwa hiyo lazima avuke daraja. Tena aambiwe kwamba anayehamia nyumba mpya hujiandikisha ndani ya siku 3. Mimi nilichelewa nikidhani mwenye nyumba angenifanyia, nikahangaika mwezi mzima. Na kama kibarua chake kiko nje ya mji, kwa mfano Leibnitz, basi Zoni 101 haitamfikisha, aulizie KlimaTicket Steiermark, tiketi ya jimbo zima la Steiermark.
— Mama wa Andritz

Nimekubali kosa langu, dada. Lakini kwetu Dar es Salaam mgeni humwambia konda wa daladala anakokwenda, na konda humwita kituo kikifika. Hapa sauti ya mashine hutaja kituo mara moja, nawe ukiwa umesinzia baada ya zamu ya usiku, hakuna wa kukugusa bega. Hilo nalikumbuka mpaka leo.
— Mzee wa Puntigam

Ahsanteni sana. Kesho nakwenda kujiandikisha. Kuhusu zile fedha za tiketi ya mwezi, bado naomba mwenye kujua anijibu.
— Mgeni wa Lend

Uwahi asubuhi, mdogo wangu. Na ukiwa Hauptplatz, uwanja mkuu wa mji, usiisome haraka saa ya mnara ulio juu ya kilima cha Schlossberg: mshale mrefu ndio wa saa, mfupi ni wa dakika. Mimi ilinikosesha miadi.
— Mama wa Andritz