Mpangaji ameharibu nyumba kwa makusudi: nianzie wapi?

Mwenye nyumba, Mwanakwerekwe:
Assalamu alaykum. Mpangaji wangu, baada ya kupewa notisi ya kuhama, ameng'oa masinki, amekata waya za umeme na kuvunja milango. Amana yake haitoshi hata kumlipa fundi umeme. Je, naweza kuzuia vyombo vyake mpaka alipe?

Mkaazi wa Chake Chake:
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usivizuie, wala usibadilishe kufuli naye bado yumo, kwani unaweza kugeuka wewe mshitakiwa. Mwite sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu hapa Zanzibar, ashuhudie hali ya nyumba kabla fundi hajagusa kitu, piga picha, na utake makisio ya gharama kwa maandishi. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, kwa hiyo ripoti polisi. Fidia unaweza kuidai mahakamani kwa kesi ya madai.

Mama wa Mji Mkongwe:
Tafadhali tenganisha uharibifu na uchakavu. Rangi iliyopauka au kitasa kilicholegea kwa matumizi ya kawaida si vya kumtoza mpangaji. Hiyo itakuwa dhulma. Mwanangu, mliandikiana hali ya nyumba siku ya kukabidhiana funguo?

Mwenye nyumba, Mwanakwerekwe:
Ndiyo, mama, orodha ipo na saini zetu sote wawili. Kwa sheha nakwenda leo.