Kama mafuta ni mabaya, mbona mwili wenyewe unatengeneza kolestro?

mdadisi_k: Wakuu naombeni msaada, nimepima nikaambiwa LDL (ile wanayoita kolestro mbaya) iko juu, sasa niache mafuta yote kabisa au inakuwaje?

seli_hai: Usiache yote mkuu. Kolestro, aina ya mafuta yaliyomo mwilini, nyingi inatengenezwa na mwili wako mwenyewe, hasa ini, na bila hiyo utando wa seli unayumba, homoni kama testosteroni na estrojeni hazipatikani, hata vitamini D ngozi inaitengeneza kutokea kwenye kitu cha jamii hiyo hiyo. Shida ni LDL ikizidi kwenye damu inajipenyeza kwenye kuta za mishipa inajikusanya taratibu miaka na miaka bila dalili yoyote, na hicho ndo kinaniumiza, watu wanashtuka moyo umeshaathirika.

Bi Tabibu: Naongezea, vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ndo zifyonzwe. Ya kuogopa zaidi ni mafuta ya transi (mengi ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani), yanapandisha LDL huku yanashusha HDL, ile kolestro nzuri.

mdadisi_k: Asanteni sana. Mazoezi je, yanatosha?

seli_hai: Fanya, ila LDL hayaishushi sana. Ongea na daktari kuhusu statini, dawa za kushusha kolestro, hasa kama kwenu kuna ndugu alipata shambulio la moyo bado kijana, inaweza kuwa ya kurithi hiyo.