We Get Requests: besi inavuma kupita kiasi, nianzie wapi?

santuri_sinza: Wakuu, santuri ni We Get Requests ya Oscar Peterson Trio, kundi la jazi, iliyorekodiwa 1964. Kwenye "You Look Good to Me" besi ya Ray Brown inavuma mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Chumba futi 10 kwa 12, spika ziko kwenye kona. Tatizo santuri au spika?

nyuzi_nne: Kona hizo, mkuu. Kuta mbili zikikutana zinakuza sauti nzito. Zivute mbele sentimita 50 hivi, kitufe cha besi kirudishe katikati. Kisha sikiliza mwanzo: Brown anapiga kwa upinde, mpiga ngoma Ed Thigpen anagonga pembetatu ya chuma. Baadaye besi inadonolewa kwa vidole. Hapo kila noti isikike inapoanza na inapokoma. Ikivuma noti moja tu, sogeza kiti.

sindano_butu: Pleya ya santuri nayo isikae meza moja na spika, mtikisiko unarudi kwenye sindano. Pembetatu ikikwaruza, futa sindano kwa brashi laini, nyuma kuja mbele, kamwe si ubavuni. Vumbi la Dar hilo!

santuri_sinza: Pleya iko juu ya spika kabisa 😅 Naishusha.