Mashine ya presha ya nyumbani inatoa namba tofauti kila nikipima

Jahazi82 anauliza:

Wakuu, habari za humu. Nina miaka 46 na natumia kidonge kimoja cha presha kila asubuhi. Nina mashine ya umeme ya kufunga mkononi, ile inayojijaza upepo yenyewe. Jana jioni ndani ya dakika kumi imenipa 156/94, halafu 143/90, halafu 138/86. Mkono wa kulia nao una namba zake na wa kushoto una zake. Kliniki ya mwisho waliandika 148/92. Nishike ipi? Nitajuaje kama mashine ni nzima? Mkanda wake umeandikwa 22–32 sm, na mkono wangu ni mnene kidogo. Naomba utaratibu wa hatua kwa hatua, msiniambie "nenda hospitali" tu, huko naenda kila tarehe ikifika.

ZamuYaUsiku anajibu:

Ndugu, hizo namba tatu hazigombani. Presha hupanda na kushuka mchana kutwa, na kipimo cha kwanza mara nyingi ndicho kinachokuwa juu kuliko vyote, kwa sababu mwili haujatulia na mkanda unapobana mtu hushtuka kidogo. Kushuka kutoka 156 hadi 138 maana yake ulianza kupima kabla hujapumzika. Daktari mzuri hatibu namba moja, anatibu wastani wa siku kadhaa.

Utaratibu ni huu. Nusu saa kabla ya kupima usivute sigara, usinywe chai ya rangi wala kahawa, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa peke yake kinaweza kuongeza hata 10. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo uegemee kabisa, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipishane. Kochi la kuzama halifai, na ukingo wa kitanda haufai pia kwa kuwa mgongo unaning'inia. Weka mkono juu ya meza, kiganja kikitazama juu, misuli imelegea. Katikati ya mkanda iwe usawa wa chuchu. Meza ikiwa fupi, weka mto chini ya mkono.

Funga mkanda kwenye ngozi tupu, ukingo wake wa chini ukae sentimita 2 au 3 juu ya kikunjio cha kiwiko, na ile alama ya mshale ielekee upande wa ndani wa mkono ambako mshipa mkubwa wa damu unapita. Ubane kiasi cha vidole viwili kupenya. Kukunja mkono wa shati mpaka ubane begani ni kosa jingine: shati linakuwa mkanda wa pili. Bora uvue.

Sasa tulia dakika 5 kamili. Bila simu, bila taarifa ya habari, bila kumjibu mtu mlangoni. Wengi huruka hapa kwa sababu inachosha, halafu wanailaumu mashine. Bonyeza, usiongee mpaka mkanda utoe upepo wote. Subiri dakika 1, pima tena. Andika zote mbili, hata ile usiyoipenda.

Kuhusu mikono: siku ya kwanza pima yote miwili, kisha chagua ule unaotoa namba kubwa na ubaki nao siku zote. Tofauti ya chini ya 10 ni ya kawaida. Ikizidi 10 kila unaporudia, hasa ikifika 15 na kuendelea, mwambie daktari, maana huenda mshipa wa upande mmoja umeanza kuwa mwembamba.

FundiVipimo anajibu:

Mwenzangu amemaliza upande wa mtu, mimi niseme upande wa chombo.

Kwanza mkanda, kwa sababu hapo ndipo nina wasiwasi na wewe. Chukua futi ya cherehani. Acha mkono uning'inie, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, zungusha futi hapo bila kukaza. Ukipata 33 au 34, huo mkanda wa 22–32 ni mdogo kwako, na mkanda mdogo unapandisha namba. Sababu yake ni hii: mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mfupi, nguvu ya upepo haifiki sawasawa kwenye mshipa, hivyo mashine inalazimika kujaza upepo mwingi zaidi ndipo mshipa uzibe, na ule wa ziada inausoma kama presha yako. Mtu wa mkanda mkubwa akifungwa wa kawaida huongezewa karibu 5 kwenye namba ya juu. Anayehitaji mkubwa zaidi ya huo anaweza kuongezewa karibu 20. Hiyo inatosha kumwanzishia mtu dawa asiyoihitaji. Mkanda mpana wa 32–42 huuzwa peke yake, ila uwe wa kampuni na modeli ileile ya mashine yako. Mpira wake unaweza kuingia kwenye mashine nyingine na hesabu ikaharibika kimyakimya. Kinyume chake pia kipo: mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hushusha namba.

Pili, fahamu mashine yako inafanya nini. Anayepima kwa masikio anasikiliza ile milio ambayo daktari Mrusi Korotkoff aliieleza mwaka 1905. Mashine ya nyumbani haisikilizi kitu. Inahisi mtetemo mdogo wa hewa ndani ya mkanda kila moyo unapopiga, inatafuta pale mtetemo ulipokuwa mkubwa, kisha inakokotoa namba ya juu na ya chini kwa kanuni ya mtengenezaji. Kwa hiyo kutikisa vidole, kukohoa, au gari kutikisika kunaingia kwenye hesabu kama mapigo. Usipime ndani ya gari linalotembea.

Tatu, uzima wa mashine. Angalia kama modeli yako imefanyiwa uhakiki wa kitabibu. STRIDE BP, shirika la kimataifa la wataalamu wa vipimo vya presha, wana orodha yao iliyo wazi kwa yeyote. Lakini hata iliyohakikiwa inaruhusiwa kutofautiana na kipimo cha mtaalamu kwa wastani wa hadi 5. Kwa hiyo mashine mbili kupishana 4 si habari. Siku ya kliniki nenda nayo: ukae vilevile, mkono uleule, nesi apime, yako ipime, nesi tena, yako tena, kwa kupishana dakika 1. Msipime mikono miwili kwa wakati mmoja. Yako ikiwa inazidi au kupungua zaidi ya 10 kila mara, upande uleule, ina tatizo. Rudia zoezi hilo kila mwaka, maana mkanda hulegea, mpira hupata ufa na gundi ya kufungia huchoka.

Na betri. Mashine ikianza kujaza upepo kwa kusuasua au ikikatisha na kuanza upya, badilisha betri kabla hujaanza kuisema vibaya.

KasiPole anajibu:

Kama mkono ni mnene, si afadhali achukue ile ndogo ya kufunga kwenye kifundo cha mkono? Haina habari ya saizi.

FundiVipimo anajibu:

Mkuu, hiyo iwe akiba ya mwisho. Kila sentimita 10 mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo, uzito wa damu yenyewe huongeza kati ya 7 na 8; ukiwa juu hupunguza kiasi hichohicho. Mtu akipima na kifundo kikiwa mapajani, kosa linaweza kuzidi 15 bila mashine kuwa na kasoro yoyote. Ya kifundo inamfaa ambaye hakuna mkanda wa juu unaomkaa, kwa mfano mkono mpana sana juu na mwembamba ghafla kwenye kiwiko. Hapo unaegemeza kiwiko mezani na kuinua kifundo hadi usawa wa moyo, kila mara vilevile. Za kubana kidole, na programu za simu zinazodai kupima presha kwa kamera, ziacheni.

MtuWaNamba anajibu:

Swali la "nishike ipi" bado halijajibiwa vizuri. Hushiki yoyote kati ya hizo. Unafanya wiki moja: asubuhi vipimo viwili, jioni vipimo viwili, siku 7. Vinakuwa 28. Siku ya kwanza yote unaitupa kwa sababu ni siku ya kujifunza na namba zake hupanda. Zinabaki 24. Jumlisha namba za juu zote ugawe kwa 24, fanya hivyo kwa za chini. Ukikosa baadhi, angalau upate 12 zilizotapakaa siku tatu au zaidi.

Asubuhi maana yake ndani ya saa moja baada ya kuamka, umeshakwenda haja ndogo, hujala, hujameza dawa. Jioni ni kabla ya chakula au kabla ya kulala, saa ileile kila siku.

Kipimo cha nyumbani kina mpaka wake. Hospitalini wengi huhesabu presha kuwa imepanda kuanzia 140/90. Wastani wa nyumbani unaolingana na hapo ni 135/85. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2017 ilishusha mpaka hadi 130/80 kwa vyote viwili, ndiyo maana unaweza kukuta madaktari wawili wanakwambia tofauti na wote wana hoja. Inatosha namba moja tu kati ya mbili kuvuka. Wapo wanaopanda wakiona koti jeupe tu na nyumbani wako sawa, na wapo wa kinyume, kliniki safi lakini nyumbani juu. Hao wa pili ndio wa kuhofia, maana hakuna anayewashtukia.

Usipime mara kumi kwa siku. Hofu nayo hupandisha presha, na utajikuta unakimbiza mkia.

Ukipata 180/120 au zaidi: kaa dakika 5, rudia. Ikibaki hapo na una maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, ulimi mzito au macho kufifia ghafla, hiyo ni dharura, usisubiri kurudia tena. Bila dalili, wasiliana na daktari wako siku hiyohiyo. Usimeze vidonge vya ziada kwa kubahatisha, na usiweke kidonge cha presha chini ya ulimi. Presha ikianguka ghafla ubongo na moyo hukosa damu. Mjamzito ana mpaka wake: 140/90 ni ya kumpeleka kuangaliwa siku hiyohiyo, na 160/110 ni dharura, hata kama anajisikia mzima.

Jahazi82 anajibu:

Asanteni sana. Mkono ulikuwa sm 34, nimepata mkanda wa 32–42. Wiki imeisha, siku ya kwanza nimeitupa. Wastani wa asubuhi 139/88, wa jioni 127/81. Wa jumla 133/84.5. Kwa hiyo niko chini ya 135/85, nimepona? Asubuhi napima palepale kitandani nikifumbua macho. Na kuna alama ya moyo inayowakawaka imejitokeza mara mbili.

ZamuYaUsiku anajibu:

Hesabu yako iko sawa, ila wastani wa jumla umeificha asubuhi yako. Kuna mambo mawili ya kutenganisha. Kwanza ni namna: kitandani, kibofu kimejaa, mgongo hauna egemeo, hakuna dakika 5 za utulivu. Rudia siku nne kwenye kiti, baada ya haja ndogo. Kama asubuhi itashuka chini ya 135/85, jibu lilikuwa hapo.

Isiposhuka, fikiria kidonge. Ukimeza asubuhi, kipimo cha asubuhi kabla ya dawa kinaonyesha saa ambayo dozi ya jana imebaki kidogo kuliko wakati wote. Juu asubuhi na vizuri jioni huweza kumaanisha dawa haimalizi saa 24. Hilo linarekebishika kwa aina ya dawa, kiasi au saa ya kumeza, lakini anayeamua ni daktari akiwa na karatasi yako mkononi. Usihamishe saa mwenyewe. Mpelekee namba zote mbichi na usimpe wastani peke yake, na uandike pia kama kuna siku ulimeza dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, au za kuzibua pua; zote zinaweza kupandisha presha.

Alama ya moyo: kwenye mashine nyingi ina maana mapigo hayakufuatana sawasawa, lakini nyingine huiwasha kwa kila pigo la kawaida, kwa hiyo soma kijitabu chake kwanza. Mara nyingine ni mkono kutikisika tu. Ikitokea ukiwa umetulia, pima mara tatu mfululizo badala ya mbili, kwa sababu mapigo yasiyo na mpangilio huvuruga hesabu ya mashine. Ikijirudia, omba kipimo cha umeme wa moyo hata kama presha yenyewe imekaa vizuri. Na kuhusu kupona, hapana: namba nzuri za jioni umezipata ukiwa kwenye dawa, kwa hiyo endelea nayo.